SOMO: Jinsi ya Kurekodi Video Nzuri za Michezo kwa Simu

Mchezaji chipukizi wa Sagana akitaka kuonwa na kocha wa mbali, mara nyingi humtumia video iliyorekodiwa na mwenzake kwa simu. Kocha huyo hakuwepo uwanjani. Ikiwa video inatikisika na imekata nusu ya uwanja, hata bao safi halitamfaa mchezaji. Mambo yafuatayo yatasaidia.

1. Laza simu kwanza. Uwanja wa kandanda huwa na urefu wa mita 90 hadi 120, na mpira huenda huku na huko. Video iliyorekodiwa simu ikiwa imesimama hujaza chini ya theluthi moja ya skrini ya kompyuta au televisheni. Simu nyingi huamua mwelekeo wa video pale unapobonyeza kitufe cha kurekodi. Ukiigeuza katikati, picha hulala ubavu. Programu ya kuhariri inaweza kuizungusha baadaye, lakini haiwezi kurudisha wachezaji ambao hawakuingia kwenye picha.

2. Chagua pa kusimama. Alasiri, simama upande wa magharibi ili jua liwe mgongoni mwako. Tafuta mahali palipoinuka karibu na mstari wa katikati, ubane viwiko kwenye mbavu na kugeuza mwili polepole. Kwa wanaorekodi mashua za mpira katika maporomoko ya Mto Tana, simama imara ukingoni, mbali na miamba yenye utelezi, uache mashua ipite mbele yako.

3. Usivute picha kwa vidole. Katika simu nyingi, kufanya hivyo hupunguza ubora. Heri kusogea karibu.

4. Chagua fremu 60 kwa sekunde, simu ikiruhusu. Mpira unaokwenda mita 20 kwa sekunde husogea kama sentimita 67 kati ya fremu mbili ukirekodi kwa fremu 30. Kwa fremu 60 ni sentimita 33. Mguso wa mguu huonekana vizuri zaidi.

5. Tuma kwa uangalifu. WhatsApp hubana video, hivyo itume kama hati. Taja rangi na nambari ya jezi ya mchezaji.

6. Omba ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahitaji idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia data binafsi za mtoto. Iombeni kabla ya kusambaza video.