Nuru Kali na Nuru Laini: Kuchagua Kisambaza Nuru cha Kamera

Katika picha nyingi zilizopigwa usiku au ndani ya nyumba, paji la uso na pua hung'aa, na kivuli cheusi chenye ukingo mkali hukaa ukutani nyuma ya mtu. Lawama hutupiwa kamera. Kwa kweli kosa hilo latokana na taa ya kumulika, yaani flashi, na dawa yake imo katika kanuni mbili za fizikia zinazofundishwa sekondari: kanuni ya vivuli na kanuni ya mraba wa umbali.

Flashi ya elektroni imetokana na kazi iliyoanzwa na Harold Edgerton huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1931. Ndani yake mna mrija wa kioo wenye gesi ya zenoni, na kapasita iliyojazwa umeme wa volti 300 hivi. Umeme huo umwagwapo ghafula ndani ya mrija, gesi hutoa nuru kali kwa muda mfupi sana.

Ukubwa wa chanzo cha nuru

Chanzo kidogo cha nuru hufanya kivuli chenye ukingo mkali. Chanzo kikubwa hufanya ukingo mpana unaofifia polepole. Upana wa ukingo huo hupatikana hivi: upana wa chanzo huzidishwa kwa umbali kutoka kitu hadi mahali kivuli kinapoangukia, kisha hugawanywa kwa umbali kutoka chanzo hadi kitu.

Chukua flashi yenye upana wa sentimita 6, iliyo sentimita 150 kutoka puani, na kivuli cha pua kikaanguka shavuni sentimita 3 nyuma. Upana wa ukingo ni 6 × 3 ÷ 150, yaani milimita 1.2 tu. Nuru hiyo ikipitishwa katika kitambaa cheupe chenye upana wa sentimita 60, ukingo huwa milimita 12, na uso huonekana laini.

Mng'ao wa jasho na mafuta nao hufuata njia hiyo hiyo, kwa kuwa ni taswira ya chanzo chenyewe juu ya ngozi. Chanzo kikipanuliwa, mng'ao husambaa na kupungua ukali. Jambo hili lina maana kubwa kwa ngozi nyeusi, ambayo juu yake mng'ao hujitokeza zaidi.

Kwa hiyo, linalolainisha nuru si weupe wa kisambazaji peke yake, bali ni upana wake ukilinganishwa na umbali. Kifuniko kidogo cha plastiki hakiongezi sana upana wa chanzo. Ndani ya chumba chenye dari nyeupe husaidia, kwa sababu nuru hurushwa darini na kurudi kutoka eneo kubwa. Uwanjani, pasipo dari wala ukuta, sehemu kubwa ya nuru yake hupotea bure.

Picha ya kundi

Nguvu ya nuru hupungua kwa mraba wa umbali. Flashi ikiwa mita 3 kutoka safu ya mbele na mita 4 kutoka safu ya nyuma, walio nyuma hupata 9/16, yaani asilimia 56 ya nuru ya walio mbele. Ikisogezwa hadi mita 6 na mita 7, hupata 36/49, yaani asilimia 73. Basi kwa kundi yafaa taa iwe mbali.

Lakini umbali una gharama mbili. Kwanza, kutoka mita 3 hadi mita 6 nuru hubaki robo. Kisambazaji kikila nusu yake, hubaki sehemu moja ya nane, na tundu la lenzi lililokuwa f/8 halina budi kufunguliwa hadi f/2.8. Pili, kitambaa kile cha sentimita 60 kikiwa mita 6 hutoa ukingo wa milimita 3 tu.

Uchaguzi wafuata hapo. Kwa picha ya mtu mmoja, kisambazaji kipana kiwekwe karibu. Kwa kundi ndani ya ukumbi, nuru ielekezwe kwenye dari nyeupe isiyo juu mno. Dari ya rangi hutia nyuso rangi yake. Kwa kundi uwanjani, kisambazaji kidogo kiondolewe, na watu wapangwe kivulini au siku ya mawingu, kwani wingu ndilo kisambazaji kikubwa kuliko vyote.

Jaribio

Katika chumba chenye giza, mulika penseli kwa tochi ili kivuli kiangukie karatasi nyeupe. Kisha weka karatasi nyembamba mbele ya tochi, sentimita 10 kutoka taa. Pima ukingo wa kivuli mara zote mbili.

Onyo: flashi isifunguliwe kamwe. Kapasita yaweza kuhifadhi umeme wa hatari hata baada ya betri kutolewa.

Maswali

1. Kisambazaji cha sentimita 40 kiko mita 2 kutoka usoni. Kivuli kikianguka sentimita 3 nyuma ya pua, ukingo wake una upana gani?
2. Safu mbili ziko mita 4 na mita 5 kutoka kwenye flashi. Safu ya nyuma hupata asilimia ngapi ya nuru ya safu ya mbele?