Hesabu ya Uwakili
Somo kwa walimu wa Injili, wazee wa usharika na Wakristo wote

Masomo: 2 Wafalme 12:4-16, Luka 16:1-2, 2 Wakorintho 8:16-21, Amri ya Saba.



Katika sharika zetu wako watu wengi wajuao kusoma. Husoma Agano Jipya, husoma Katekismo, husoma barua za watoto wao walio mbali. Walakini mtu huyohuyo akipewa karatasi ya mizani ya mazao yake, au hati ya mkopo, au kitabu chake cha akiba, hutazama tarakimu kama atazamaye maandishi ya lugha ngeni. Kisha hutia sahihi, hukunja karatasi, huenda zake. Ukimwuliza, "Je, umepata haki yako?" hujibu, "Wenyewe wajua." Neno hilo ndilo nitakalo tulifikiri leo. Maana mazao ni yake na fedha ni zake. Mwenyewe ni nani basi, kama si yeye?

Nitawasimulia habari za watu walio mbali sana na sisi, na za mama mmoja wa kwao aliyelikataa neno hilo. Kisha tutauliza Neno la Mungu latuambia nini.

1. Wakili asiyetoa hesabu

Upande wa kaskazini wa Marekani, katika jimbo la Montana, karibu na mpaka wa Kanada, hukaa watu wa kabila la Blackfeet. Hao ni wenyeji wa asili wa nchi ile, waliokuwako kabla Wazungu hawajafika. Zamani waliishi kwa kuwinda nyati wa nchi yao. Nyati walipokwisha, wakawa watu wa kungojea posho ya Serikali. Na katika baridi kali ya mwaka 1883 kuingia 1884 posho haikutosha, mamia yao wakafa kwa njaa.

Mwaka 1887 Bunge la Marekani lilitoa sheria ya kuigawanya ardhi ya makabila. Nchi iliyokuwa ya kabila zima ikakatwa vipande, na mkuu wa nyumba kwa kawaida akapewa ekari 160; sehemu kubwa ya iliyosalia ikaenda kwa walowezi. Mwaka ule makabila yote pamoja yalikuwa na ekari kama milioni 138. Hata ilipokomeshwa kazi hiyo ya kugawanya, mwaka 1934, zilikuwa zimebaki kama milioni 48.

Tena hata vile vipande wenyewe hawakuachiwa mikononi mwao. Ilisemwa kwamba watu hawa hawajui mambo ya fedha, kwa hiyo Serikali itakuwa wakili wao. Ikavikodisha vipande kwa wafuga ng'ombe, kwa wakata miti, na kwa wachimba mafuta. Kodi iliingia kwanza kwa Serikali, iandikwe kwa jina la kila mwenye ardhi, kisha apelekewe. Wengine walipata hundi ndogo isiyo na maelezo ya kutosha. Wengine hawakupata kitu. Mwenye kipande alipokufa, haki yake iligawanywa kwa watoto, kisha kwa wajukuu, hata kipande kimoja kikaweza kuwa na wenyewe mamia. Mambo yakaendelea hivyo kwa miaka zaidi ya mia.

2. Mama aliyeuliza

Elouise Cobell alizaliwa katika kabila hilo mwaka 1945. Alikulia katika nyumba isiyo na umeme wala maji ya bomba. Tangu utoto aliwasikia wakubwa wake wakizungumza juu ya fedha zao walizokuwa hawazioni. Alipokua alijifunza kazi ya hesabu, akaifanya katika mji wa Seattle, kisha akarudi kwao, akawa mtunza hazina wa kabila kwa miaka 13.

Alipovifungua vitabu aliona mambo yasiyopatana, akawauliza maofisa. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba aliambiwa hajui kusoma taarifa zile. Ndugu zangu, lifikirini jibu hilo. Huyu alikuwa mtu aliyefundishwa hesabu, mwenye kutunza hazina ya kabila lake. Ikiwa yeye aliambiwa hajui kusoma, mzee wa kijijini aliyekwenda na hundi yake mkononi aliambiwa nini? Hivi ndivyo kutojua kwa mtu kunavyogeuzwa kuwa ukuta, na nyuma ya ukuta huo wakili mbaya hufanya apendavyo.

Mama huyu hakurudi nyumbani akisema, "Wenyewe wajua." Alifanya mambo mawili.

Jambo la kwanza, alifundisha. Katika Browning, mji ulio mkubwa katika eneo lao, palikuwa na benki moja tu, nayo ilifungwa mwaka 1983. Mwaka 1987 Mama Cobell na wenzake wakaanzisha benki ya kabila lenyewe, Blackfeet National Bank. Na mwaka 2001 makabila mengine yakajiunga nao, ikawa Native American Bank. Tena alisaidia kuanzisha benki ndogo shuleni, watoto wapate kujifunza kuweka akiba na kuandika hesabu wangali wadogo. Hakungoja watu wake wawe na fedha nyingi ndipo wafundishwe. Alijua kwamba asiyezoea kuhesabu senti kumi hataweza kuhesabu elfu kumi.

Wala hakuwa peke yake katika kazi hii. Kwa Walakota wa Pine Ridge, katika jimbo la South Dakota, mfuko wa mikopo uitwao Lakota Funds ulianzishwa mwaka 1986. Wengi wa wakopaji wake wa kwanza hawakuwa wamepata kuwa na akiba benki. Wakakusanywa katika vikundi vidogo, wakafundishwa kwanza, wakasaidiana kulipa. Baadaye kikatokea chama kiitwacho Oweesta, jina la lugha ya Wamohawk lenye maana ya fedha, ambacho hutayarisha walimu katika makabila mengi, ili wenyeji wafundishwe na wenyeji wenzao.

Jambo la pili, alidai hesabu. Tarehe 10 Juni 1996 yeye na wenzake wanne waliishtaki Serikali ya Marekani, si kwa ajili yao tu, bali kwa ajili ya watu zaidi ya 300,000 waliokuwa na haki kama yao. Hawakuomba sadaka, walitaka kuonyeshwa fedha zao zilikokwenda. Mwaka 1997 Mama Cobell alipata tuzo kubwa ya fedha ya MacArthur, akaitumia sehemu yake kwa kesi hiyo. Mwaka 1999 hakimu aliamua kwamba Serikali imevunja wajibu wake wa uwakili. Hata hivyo kesi iliendelea miaka kumi tena, maana maandishi mengi yalikuwa yamepotea au kuharibika, wala haikuwezekana kujua kwa hakika haki ya kila mtu ni kiasi gani.

Mwishowe, mwezi wa Desemba 2009, wakapatana: dola bilioni 3.4, na katika hizo karibu bilioni 2 ziwe za kuvinunua vile vipande vilivyogawanyika, virudi kwa makabila. Rais Obama alitia sahihi sheria ya mapatano hayo tarehe 8 Desemba 2010. Mama Cobell alisema wazi kwamba kiasi hicho ni kidogo kuliko walichopunjwa. Lakini alikubali, kwa kuwa wazee walikuwa wakifa mwaka hata mwaka. Naye mwenyewe alifariki tarehe 16 Oktoba 2011. Fedha zilianza kugawanywa mwaka 2012. Alipanda, na wengine wakavuna.

3. Neno la Mungu latufundisha nini?

(a) Kudai hesabu si dhambi. Katika Luka 16 tajiri asikiapo habari mbaya za wakili wake, hanyamazi. Amwita, amwagiza alete hesabu. Hesabu humfunua mwizi. Lakini pia humwokoa mtu mwaminifu na ulimi wa wasengenyaji.

(b) Mtumishi mwema hutoa hesabu kabla hajaulizwa. Paulo alikuwa akikusanya sadaka kwa maskini wa Yerusalemu. Hakusema, "Mimi ni Mtume, niaminini." Alimtuma Tito pamoja na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, pasiwe na mtu wa kuwalaumu. Alijua kwamba Mungu auona moyo wake, walakini alitaka na wanadamu waione mikono yake.

(c) Utaratibu mwema hulinda kazi ya Mungu. Siku za Mfalme Yoashi makuhani walipokea fedha za matengenezo ya nyumba ya Bwana, na hata mwaka wa 23 wa ufalme wake nyumba ilikuwa bado kutengenezwa. Ndipo likawekwa kasha lenye tundu, na fedha zake zikahesabiwa na watu wawili pamoja, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu. Pengine mtu atasema, "Mbona mstari wa 15 wasema kwamba wasimamizi wa kazi hawakudaiwa hesabu, kwa kuwa walikuwa waaminifu?" Ni kweli. Lakini tazama vema: fedha zilikwisha kuhesabiwa na wawili kabla hazijawafikia, na kazi yao, yaani kuta na paa, ilionekana na watu wote. Uaminifu wao haukukaa gizani. Mstari huu hautupi ruhusa ya kuficha daftari.

(d) Amri ya Saba ina pande mbili. Martin Luther katika Katekismo Ndogo afundisha kwamba amri hii haikatazi wizi na udanganyifu tu. Yatuagiza pia kumsaidia jirani, mali yake na riziki yake zipate kuongezeka na kulindwa. Basi mwalimu amfundishaye mjane kusoma karatasi ya mizani aishika Amri ya Saba, wala asidhani kwamba ameiacha kazi ya Injili.

4. Yatupasayo sisi

Sharti nianze kwangu mwenyewe. Katika usharika mmoja niliouhudumia, mzee mmoja alisimama mkutanoni akauliza sadaka ya mavuno imetumika wapi. Watu wakanung'unika kwamba amemvunjia mchungaji heshima, nami moyoni nilikasirika. Usiku ule nikalifungua daftari ili nipate kumwonyesha kosa lake. Nikaona kwamba mimi ndiye nisiyeweza kuonyesha fedha za miezi miwili zilikokwenda. Hazikuibwa, zilinunua mabati na misumari, lakini hapakuwa na stakabadhi hata moja, na mimi nilikuwa nimetegemea kuaminiwa. Jumapili iliyofuata nalikiri jambo hilo mbele ya watu wote, nikamshukuru mzee yule. Tangu siku ile naogopa usharika usiouliza kuliko usharika uulizao.

Kwa hiyo nashauri mambo manne.

Kwanza, sadaka ihesabiwe na watu wawili au zaidi, iandikwe siku ileile, na jumla yake isomwe kanisani Jumapili ifuatayo. Kila fedha itokayo iwe na stakabadhi yake.

Pili, katika darasa la Kipaimara na katika mikutano ya akina mama na vijana, wafundishwe kuandika mambo manne: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na ninachodaiwa. Daftari la senti chache na kalamu ya risasi vyatosha kuanza.

Tatu, mtu asitie sahihi wala dole gumba katika hati asiyoielewa. Akitaka kukopa, kwa karatasi au kwa simu, aulize: Nitapokea kiasi gani mkononi? Nitarudisha jumla ya kiasi gani? Siku gani? Na nisipoweza, nitapoteza nini? Mkopeshaji akikasirishwa na maswali hayo, ndiye asiyefaa kukopwa kwake.

Nne, aulizaye kwa adabu asiitwe mwasi. Naye aulizaye asiulize kwa chuki, wala kwa kutaka kumwaibisha ndugu, bali kwa kuilinda mali ya Bwana na haki ya wanyonge.

Tena tujihadhari. Hatufundishi hesabu ili watu wapende fedha. Mtu ajuaye vema alicho nacho aweza pia kujua kiasi awezacho kumpa maskini. Bali asiyejua hutoa kwa hofu, au hukopa kwa fahari. Sisi sote tu mawakili, na siku yaja ambayo kila mmoja ataitwa na Bwana wake. Heri tuzoee kutoa hesabu sasa, mchana, mbele ya ndugu zetu, ili siku ile isituone tungali tukitafuta daftari. Bwana atujalie mikono safi na macho ya kusoma. Amina.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Kwa nini jibu la kwamba mtu "hajui kusoma taarifa" ni jibu la hatari?
2. Soma 2 Wakorintho 8:16-21. Paulo alifanya nini ili asilaumiwe? Sisi katika usharika wetu twafanya nini?
3. Katika 2 Wafalme 12, ni nani waliohesabu fedha za kasha? Kwa nini wawili?
4. Katika mtaa wako ni nani anayetia sahihi asichokielewa? Nani atamfundisha, na siku gani?