SOMO: MWANAFUNZI WA SHERIA NA BARUA YAKE KWA WAKILI



Mahindi yanapokauka shambani na mizani ya chama inapotolewa ghalani, ndio wakati wanafunzi wa vyuo vikuu wanaporejea Ufipa kwa likizo yao ndefu. Katika kata kama Kasense, miongoni mwao huwamo watoto wa wanachama wetu wanaosomea sheria. Kijana hubisha hodi ofisini kwa Katibu, huamkia, kisha huomba jambo moja: barua yenye muhuri wa chama, apate kuiambatanisha na maombi ya kujifunza kazi katika ofisi ya mawakili. Katibu, kwa wema wake, huandika mistari mitatu isemayo kwamba kijana ana tabia njema na anatoka katika familia ya wanachama. Hupiga muhuri na kumtakia heri. Baada ya wiki nyingi kijana bado hajapata jibu.

Somo hili lina neno moja la kufundisha: barua ya sifa tupu haimfungulii kijana mlango. Kinachomfungulia ni kazi aliyoifanya kwa mikono yake, ikaelezwa kwa ukweli. Na kazi hiyo chama cha msingi kinaweza kumpa.

1. Kwa nini jambo hili lakihusu chama

Mwanachama aweza kuuliza: "Sisi tunauza mahindi, maharage na alizeti, mambo ya mawakili yatuhusu nini?" Yatuhusu sana. Chama huishi kwa mikataba: ya mkopo wa pembejeo, ya kuuza mazao, ya kukodi ghala na gari. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 haikiruhusu chama kukopa kipendavyo. Hapana budi ukomo wa madeni uidhinishwe na Mrajis. Kiongozi akitia sahihi kwenye karatasi asiyoielewa, hasara haimwangukii yeye peke yake, bali huwaangukia wote waliopeleka magunia yao ghalani.

Tena tukumbuke historia. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchini kwa uamuzi wa Serikali, na ilibidi itungwe sheria mpya mwaka 1982 ili virudi. Wazee waliokuwapo wanajua kwamba uhai wa ushirika wategemea pia maandishi ya sheria, wala si jembe peke yake. Kwa hiyo mtoto wa mkulima akiwa wakili, chama kimepata mtu atakayesoma mkataba kwa jicho la mtu aliyewahi kubeba gunia.

2. Njia ya kuufikia uwakili

Yafaa Katibu aijue njia hii, kwa maana wazazi humwuliza yeye.

Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961 kikiwa na wanafunzi 14, nao walisomea katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo alikuwamo Bibi Julie Manning, ambaye baadaye alikuwa mwanamke wa kwanza nchini kuwa Jaji wa Mahakama Kuu, na tena Waziri wa Sheria. Siku hizi vyuo vikuu vinavyofundisha sheria ni vingi. Mwanafunzi husoma shahada kwa miaka 3 au 4, kwa kadiri ya taratibu za chuo chake. Wengine hutangulia kupata stashahada, kama ile ya Chuo cha Uongozi wa Mahakama kilichoko Lushoto.

Shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa wakili. Sheria ya mwaka 2007 iliunda Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo ilianza kupokea wanafunzi mwaka 2008, jijini Dar es Salaam. Humo mwenye shahada hufundishwa kuandika hati za madai, kuhoji mashahidi na kuendesha ofisi, na hupelekwa mahakamani na kwa mawakili kujifunza kazi. Akifaulu, huomba kwa Jaji Mkuu akubaliwe, na jina lake huandikwa katika Orodha ya Mawakili.

Mlango huo ni mwembamba. Mwezi Oktoba mwaka 2022 nchi nzima ilishtuka iliposikia matokeo ya kundi moja la Taasisi hiyo: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu, 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 waliondolewa masomoni. Serikali iliunda kamati ya uchunguzi, mwenyekiti wake akiwa Dkt. Harrison Mwakyembe. Mengi yalisemwa juu ya lugha, ufundishaji na mitihani. Nasi tujifunze hili: mwanafunzi asingoje mpaka afike Taasisini ndipo aishike hati halisi kwa mara ya kwanza. Aanze mapema, na likizo ndiyo nafasi yake.

3. Aombe wapi?

Vijana wengi hudhani kwamba ofisi zote zenye maana ziko Dar es Salaam. Huko ofisi ni nyingi, ni kweli, lakini waombaji nao ni wengi, na mgeni atahitaji chumba, chakula na nauli kwa muda ambao kwa kawaida hapati mshahara. Mzazi asiuze ng'ombe kabla ya kijana kujaribu karibu.

Mjini Sumbawanga kuna Masjala ya Mahakama Kuu, na palipo na Mahakama Kuu mawakili hawakosi. Ziko pia mahakama za chini, ofisi za mashtaka, na vitengo vya sheria vya halmashauri. Katika ofisi ndogo mwanafunzi hukaa karibu na wakili, huona faili tangu mteja anapoingia mpaka hukumu inapotolewa. Katika ofisi kubwa aweza kumaliza miezi 2 akitoa nakala za karatasi tu. Basi aombe kwanza penye kazi ya kujifunza, ukubwa wa jina ufuate baadaye.

Aombe mapema pia. Likizo ikianza mwezi Julai, barua ziwe zimekwisha kupelekwa miezi kadhaa kabla.

4. Barua yenyewe

Wakili asomaye maombi hujiuliza maswali matatu: Je, kijana huyu aweza kuandika sentensi iliyo safi? Je, atatunza siri za wateja wangu? Je, atanipunguzia kazi au ataniongezea? Barua nzuri huyajibu maswali hayo bila kuyataja.

Tuchukue mfano. Mwombaji wa kwanza anaandika hivi:

"Mimi ni kijana mchapakazi, mwaminifu na mwenye ari kubwa. Naomba nafasi yoyote katika ofisi yako tukufu."

Mwombaji wa pili anaandika hivi:

"Wakati wa likizo iliyopita nilifanya kazi katika chama cha msingi cha wakulima kijijini kwetu. Niliandika mihtasari ya mikutano 3 ya bodi, na niliusoma mkataba wa kuuza mahindi kabla haujatiwa sahihi. Niliona kwamba ulitaja idadi ya magunia bila kutaja uzito wa kila gunia kwa kilo. Nilimweleza Katibu, na kifungu hicho kikarekebishwa. Napenda kujifunza namna mikataba inavyoandikwa, na namna madai yanavyofunguliwa inapovunjwa."

Wa kwanza amejisifu. Barua yake yaweza kuandikwa na mtu yeyote. Wa pili hakujisifu hata kwa neno moja, lakini wakili amekwisha kuona kwamba anasoma kwa makini na anajua anachotaka. Kila mkulima anajua madhara ya lumbesa: mkataba usiotaja kilo humwachia mnunuzi nafasi ya kushindilia gunia mpaka litutumke, na bei ikabaki ile ile. Kijana wa Ufipa hana haja ya kuuonea haya ujuzi huo. Tazameni tena: hakutaja jina la mnunuzi wala bei. Hapo wakili ameona kwamba kijana anajua kutunza siri.

Mambo mengine ya kuzingatia ni haya:

(a) Barua iwe ya ukurasa mmoja, nayo iandikwe kwa wakili au ofisi maalumu. Jina la wakili lisikosewe hata herufi moja. Barua moja iliyotolewa nakala 30 na kubadilishwa anwani tu hujulikana mara moja.

(b) Sheria ya mwaka 2021 ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hata hivyo vitabu vingi vya sheria na mikataba mingi ya biashara ingali katika Kiingereza. Mwombaji aulize ofisi hutumia lugha gani, kisha aiandike vizuri. Hapana budi ajifunze zote mbili.

(c) Ataje tarehe ya kuanza na ya kumaliza, aambatanishe barua ya chuo na matokeo yake. Kama kuna somo alilofanya vibaya, asilifiche. Anayeanza kazi ya sheria kwa uongo ameikosa kazi hiyo tangu mwanzo.

(d) Zikipita wiki mbili bila jibu, aulize kwa adabu mara moja. Akikataliwa, ashukuru; mwaka ujao atabisha hodi pale pale.

5. Akiitwa na akipokelewa

Kwenye mahojiano asikariri vifungu. Akiulizwa asilolijua, aseme, "Silijui, lakini najua nitakapolitafuta." Jibu hilo halimwaibishi mtu.

Akipokelewa afike mapema, awe na daftari, na kila jioni aandike alichojifunza, bila kuandika siri za mteja. Asizungumze habari za faili garini wala nyumbani, hata kama mwenye kesi ni jirani au shangazi yake. Sumbawanga watu wanajuana. Neno lililosemwa sokoni asubuhi hufika kijijini kabla ya jua kuzama.

6. Wajibu wa Katibu na Bodi

Sasa twaja kwenye sehemu yetu. Likizo ya wanafunzi huangukia katika majira ya kukusanya mazao, wakati ambao Katibu huelemewa na kazi. Bodi yaweza kukubali mwanafunzi asaidie chini ya uangalizi wa Katibu. Apewe kazi kama hizi: kuandika rasimu ya muhtasari wa mkutano, kulinganisha stakabadhi na daftari la mapokezi, kuwasomea wanachama masharti ya chama na kuyaeleza kwa lugha nyepesi, kupanga mikataba ya zamani katika majalada, kuorodhesha maswali ambayo Bodi itamwuliza wakili kabla ya kutia sahihi.

Lakini asipewe fedha kuzishika, wala asitoe ushauri wa mwisho wa kisheria. Yeye bado ni mwanafunzi, na chama kikipotezwa na ushauri wake hakitakuwa na wa kumlaumu ila chenyewe.

Likizo ikiisha, Katibu aandike barua ya kweli: kijana alifanya kazi gani, kwa siku ngapi, alifanya vema wapi, na wapi alihitaji kusahihishwa. Asimsifu mtu ambaye hakumwona kazini, hata akiwa mtoto wa Mwenyekiti. Muhuri wa chama ni mali ya wanachama wote. Ukipigwa juu ya uongo leo, kesho hautaaminiwa juu ya ukweli, na atakayeumia ni mtoto wa mwanachama mwingine aliyestahili. Nafasi hizi zitangazwe kwenye mkutano, ili mtoto wa mjane apate sawa na mtoto wa mjumbe, na wasichana sawa na wavulana.

7. Onyo juu ya vishoka

Wako watu wanaojiita mawakili na hawamo katika Orodha. Hao huandika mikataba kwa malipo, na pengine huchukua fedha za vijana kwa ahadi ya "nafasi". Mtu anayetaka fedha kwanza ili akupokee kujifunza kazi ni wa kuogopwa. Kabla ya kupeleka barua, au kabla ya chama kumpa mtu kazi, jina lake lihakikishwe katika Orodha ya Mawakili kupitia Mahakama au Chama cha Mawakili wa Tanganyika, kilichoundwa mwaka 1954.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Je, chama chetu kina wanafunzi wangapi wa sheria miongoni mwa watoto wa wanachama, na ni nani anayewafahamu?

2. Chukueni mkataba wa mwisho ambao chama kilitia sahihi. Je, unataja uzito, tarehe ya malipo, na hatua za kuchukua malipo yakichelewa?

3. Ni kazi gani tatu ambazo Katibu angeweza kumpa mwanafunzi msimu ujao, na nani atamsimamia?

4. Someni barua ya mwisho ya utambulisho iliyotoka ofisini kwetu. Je, inasema kijana alifanya nini, au inasema tu kwamba ni mwema?

Majibu ya swali la tatu na la nne yaandikwe katika muhtasari, yaletwe mbele ya mkutano mkuu kabla mizani haijatolewa tena ghalani.