Vita vya Mirambo na Njia ya Ukonongo

Mwanafunzi akiitazama ramani ya nchi iliyo katikati ya Tabora na Ziwa Tanganyika, ataona ya kuwa njia iliyo fupi ya kwenda Ujiji huelekea magharibi moja kwa moja, ikiiacha Mpanda mbali upande wa kusini. Wafanya biashara wa pembe waliishika njia hiyo miaka mingi. Walakini mwezi wa Septemba 1871 msafara wa Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, ulitoka Tabora ukashika njia nyingine. Ulikwenda kusini, ukapita Ukonongo, ukafika Mpokwa, katika nchi iliyo sasa Mkoa wa Katavi; ndipo ulipogeuka kaskazini, ukavuka mto Malagarasi, ukaingia Ujiji mwezi wa Novemba. Kwa nini wapagazi walikubali kuzunguka hivyo na mizigo mabegani? Sababu ilikuwa mtu mmoja, jina lake Mirambo.

Mirambo alikuwa mtemi wa Uyowa na Ulyankulu, na njia fupi ya Ujiji ilipita katika nchi yake. Alitaka hongo kwa kila msafara, na Waarabu wa Tabora hawakutaka kumtii. Tena vita vyake havikuwa vya Wanyamwezi na Waarabu tu. Mkasiwa, mtemi wa Unyanyembe, alisimama upande wa Waarabu, kwa maana wao ndio waliomtawaza mwaka 1860, walipomfukuza Mnywa Sele. Basi Mnyamwezi alipigana na Mnyamwezi. Mnywa Sele mwenyewe alipigana miaka mitano ili airudishe enzi yake, naye alikuwa shujaa kweli. Lakini hakuwa na boma la kurudia wala njia ya kuifunga. Alitangatanga tu, hata mwaka 1865 akakamatwa, akakatwa kichwa.

Mwezi wa Agosti 1871 Waarabu waliondoka Tabora kumwendea Mirambo, wakiwa na watu zaidi ya elfu mbili, na Stanley pamoja nao. Wakateka kijiji cha Zimbizo. Kisha kijana mmoja wa Kiarabu, Soud, akaenda na watu mia tano kulipiga boma la Mirambo katika Ulyankulu. Wakaingia, wakafurahi sana, wakatwaa pembe na nguo na watumwa. Lakini Mirambo alikuwa amekwisha kutoka kwa lango la pili na watu wake. Akawaficha katika majani marefu, huku na huku ya njia, akawangoja adui warudi. Walipokuja, kila mtu amelemewa na mateka, askari wa Mirambo waliinuka mara moja. Soud akauawa, na Waarabu wote walioingia naye bomani. Hao waliosalia Zimbizo baada ya kusikia habari wakakimbia, kila mtu na roho yake.

Siku chache baadaye Mirambo akaja Tabora yenyewe. Akachoma sehemu ya mji, na Khamis bin Abdallah, mmoja wa wakubwa wa Waarabu, akauawa. Mtu angedhani kwamba baada ya hayo Mirambo angekaa Tabora, autawale mji. Hakufanya hivyo. Alitwaa mateka akaenda zake, akaifunga njia.

Hapo ndipo ilipoonekana akili yake. Tabora haikuishi kwa kuta zake. Iliishi kwa njia. Pembe zilitoka Ujiji na nchi za ng'ambo ya ziwa. Nguo, bunduki na baruti zilitoka pwani. Njia ya Ukonongo haikutosha kuwa badala, kwani ilikuwa ndefu, na huko pia palikuwa na vita: Simba, mtu wa ukoo wa watemi wa Unyanyembe, alikuwa akipigana na jirani zake. Sultani Barghash wa Unguja alituma askari kutoka pwani, wala hawakuweza kumshinda Mirambo. Askari wake mwenyewe walikuwa wepesi. Mwaka 1876 alimwambia Stanley ya kuwa huchukua vijana vitani, wasio na wake wala watoto wa kuwafikiria. Wakati huo vita vilikuwa vimekwisha. Mwaka 1875 Waarabu walikubali amani, na misafara ikapita tena katika nchi ya Mirambo.

Walakini mtu aliyeshinda kwa njia alikuwa bado na haja ya njia moja, ile ya pwani, maana baruti yake ilitoka huko. John Kirk, balozi wa Uingereza Unguja, alianza kumwona kuwa mtu wa kufanya naye urafiki, na mwaka 1879 daktari wa misheni, Southon, alikaa Urambo. Mambo yakawa mazuri kwake. Ndipo mwezi wa Juni 1880 majeshi ya Mirambo na ya Simba, waliokuwa sasa marafiki, yakaipiga Mpimbwe, kusini ya Mpanda. Bomani walikuwamo Waingereza wawili, Carter na Cadenhead. Carter alikuwa mtumishi wa mfalme wa Ubelgiji. Aliwaleta tembo kutoka Bara Hindi ili wachukue mizigo, naye alikuwa akitoka Karema kurudi pwani. Wote wawili wakauawa.

Kijiji kilitekwa upesi. Mirambo alituma maneno ya majuto, lakini Kirk aliuacha urafiki ule, na mambo aliyoyajenga Mirambo kwa miaka mitano yakavunjika kwa asubuhi moja. Akaendelea kupigana na jirani zake hata alipokufa, Desemba 1884. Ndugu yake Mpandashalo akatawala baada yake, na watemi waliokuwa chini ya Urambo wakaanza kujitenga mmoja mmoja.