Insulini Itokayo kwa Bakteria: Zana za Uhandisi wa Jeni

Mgonjwa wa kisukari ambaye kongosho yake imeacha kabisa kutoa insulini hawezi kuishi muda mrefu asipodungwa homoni hiyo. Kabla ya Frederick Banting na Charles Best kuipata kutoka katika kongosho za mbwa huko Toronto, Kanada, mwaka 1921, mtoto aliyepatwa na ugonjwa huo hakuwa na tiba. Kwa miaka 60 hivi iliyofuata, insulini ilitolewa katika kongosho za ng'ombe na nguruwe zilizokusanywa machinjioni. Iliokoa watu wengi, lakini wingi wake ulitegemea idadi ya wanyama waliochinjwa. Isitoshe, haikuwa insulini ya binadamu hasa. Insulini yetu ina asidi za amino 51. Ile ya nguruwe hutofautiana nayo kwa asidi moja, na ile ya ng'ombe kwa tatu. Tofauti hiyo, ingawa ni ndogo, yaweza kuufanya mwili wa baadhi ya wagonjwa uipinge dawa.

Njia iliyoondoa vikwazo hivyo ndiyo iitwayo uhandisi wa jeni, yaani kuihamisha jeni kutoka kiumbe kimoja, au kutoka maabarani, na kuipandikiza katika kiumbe kingine. Jambo ambalo mara nyingi husahaulika ni kwamba zana zake nyingi hazikubuniwa na binadamu. Zilikuwamo ndani ya bakteria tangu zamani.

Zana ya kwanza ni mkasi. Bakteria hushambuliwa na virusi, na baadhi yao hujikinga kwa vimeng'enya vinavyoikata DNA ya adui mahali penye mpangilio maalumu wa herufi za kikemia. DNA ya bakteria mwenyewe hutiwa alama ili isikatwe. Kimojawapo, EcoRI, hutokana na bakteria aitwaye Escherichia coli, akaaye matumboni mwetu. Hiki hutafuta mpangilio GAATTC na kukata kati ya G na A katika nyuzi zote mbili za DNA. Kwa kuwa mikato hiyo miwili haikabiliani, kila kipande hubaki na ncha fupi ya uzi mmoja yenye herufi nne, ambayo hushikana kwa urahisi na ncha nyingine ya namna hiyo hiyo, hata ikiwa imetoka kwa kiumbe tofauti kabisa. Zana ya pili ni gundi, kimeng'enya kiitwacho ligasi, ambacho huunga vipande hivyo imara. Ya tatu ni chombo cha kuchukulia, yaani plasmidi, ambayo ni pete ndogo ya DNA inayoelea ndani ya bakteria, mbali na kromosomu yake. Stanley Cohen na Herbert Boyer waliziunganisha zana hizi tatu huko California mwaka 1973.

Mwaka 1978 watafiti wa kituo cha City of Hope na wa kampuni ya Genentech, wote wa California, walizitumia kwa insulini. Hawakuichukua jeni moja kwa moja kutoka katika seli ya mtu, kwa sababu jeni ya binadamu ina sehemu za katikati ambazo bakteria hana uwezo wa kuziondoa. Badala yake waliunda jeni mbili kwa njia ya kemia, moja kwa ajili ya mnyororo A wenye asidi za amino 21, na nyingine kwa ajili ya mnyororo B wenye asidi 30. Kila jeni iliingizwa katika plasmidi yake, na kila plasmidi katika bakteria wake. Plasmidi hizo zilibeba pia jeni ya kustahimili dawa ya ampisilini. Hivyo bakteria walipooteshwa mahali penye dawa hiyo, wale wasioipokea plasmidi walikufa, wakabaki waliohitajiwa.

Palikuwa na tatizo. Protini fupi na ngeni huvunjwavunjwa upesi ndani ya bakteria. Kwa hiyo kila mnyororo uliunganishwa na mkia wa protini kubwa ya bakteria mwenyewe, yenye asidi za amino zaidi ya 1,000, na kati yake ikawekwa asidi moja iitwayo methionini. Baada ya mavuno, protini hiyo ilitiwa sianojeni bromidi, kemikali ambayo hukata baada ya methionini. Mnyororo ukaachiliwa mzima, kwa kuwa insulini yenyewe haina methionini hata moja! Hapa ndipo penye werevu wa kazi hii yote, na mwanafunzi anayedhani kuwa kemia na biolojia ni masomo mawili yasiyohusiana angefaa kupafikiria. Hatimaye minyororo miwili iliunganishwa pamoja nje ya bakteria.

Bakteria huyu, akipata chakula na joto la kutosha, hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Kwa hesabu, katika saa 10 mmoja aweza kuzaa zaidi ya milioni 1,000. Machinjio hayakuwa tena kipimo cha wingi wa dawa. Oktoba 1982 insulini hiyo iliruhusiwa kutumika Marekani, ikawa dawa ya kwanza ya uhandisi wa jeni kuruhusiwa kwa binadamu. Siku hizi hutengenezwa pia kwa hamira. Hata hivyo bei yake bado ni mzigo kwa wagonjwa wengi, na chupa isiyofunguliwa hutakiwa kuhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, sharti lililo gumu pasipo na umeme. Hayo uhandisi wa jeni haukuyatatua.

Mwalimu asiye na maabara aweza kuionyesha kazi ya EcoRI kwa karatasi na mkasi. Wanafunzi waandike AATGAATTCCGT katika mstari wa juu, na chini yake TTACTTAAGGCA. Wakate kati ya G na A juu, kisha kati ya A na G chini, na kuunganisha mikato hiyo kwa kupita katikati ya mistari miwili. Wabadilishane vipande na wenzao waliotumia herufi nyingine pembeni, lakini wenye GAATTC katikati, wajaribu kuviunga. Kisha wakate karatasi nyingine wima, moja kwa moja, na waeleze kwa nini ncha zake hazina cha kushikia.