Baba alijiua. Je, nilikosea wapi?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba aliugua Parkinson miaka sita. Mwishowe hakutaka hata kuitazama migomba yake. Mwezi uliopita alijiua. Watu wanasema ni laana ya ukoo. Mimi ndiye niliyemuuguza, nilikosea wapi? – Msomaji, Muleba

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole sana. Hukukosea, wala si laana. Parkinson, ugonjwa ulioelezwa na daktari James Parkinson wa London mwaka 1817, huua polepole seli za ubongo zinazotengeneza dopamini. Kemikali hiyo haiendeshi viungo tu. Inagusa pia hamu na furaha. Ndiyo maana sonona huwapata wagonjwa wengi, wengine kabla hata mkono haujaanza kutetemeka. Isitoshe, uso wa mgonjwa hukakamaa, huzuni isisomeke. Ungejuaje?

Sasa jiangalie wewe. Usingizi na hamu ya kula vikipotea, nenda Hospitali ya Rubya, au ya rufaa ya mkoa pale Bukoba, ukaseme wazi. Likija wazo la kumfuata baba, usingoje kuche. Mwite mtu akae nawe, akupeleke hospitali.

Na mkimkumbuka nyumbani, simulieni maisha yake yote, si siku yake ya mwisho.