Je, Meno Yanaweza Kutaja Umri Wako?

Huku Pangani na Muheza bado utawakuta vijana wasio na cheti cha kuzaliwa. Ukimuuliza mama, atakwambia, "Huyu nilimzaa mwaka ule wa mvua kubwa." Zamani siku ya kuandikishwa shule mtoto alipitishwa mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Akilifikia, haya, darasani! Lakini mwili wa mtoto aliyekosa lishe huchelewa kukua. Meno hayayumbi sana kama mwili.

Hebu mchungulie mdogo wako mdomoni. Meno ya utoto huanza kuchomoza kwenye miezi 6 hivi, kwa kawaida yale mawili ya mbele chini, na karibu na miaka 3 yanatimia 20. (Wapo wanaotangulia kuota ya juu. Mtoto huyo aliitwa kigego, akaonekana mkosi. Hana kosa lolote jamani, mwacheni anyonye!) Akifika miaka 6 huota gego la kwanza la ukubwani, nyuma kabisa, bila jino lolote kung'oka. Basi wengi hudhani ni la utoto, wanaliacha lioze. Gego la pili huja kwenye miaka 12, na watoto wa Kiafrika mara nyingi huwahi kidogo kuliko wa Ulaya.

Mwaka 1837 Edwin Saunders wa Uingereza alipendekeza watoto wa viwandani wakaguliwe meno, maana umri wao ulikuwa ukidanganywa ili waajiriwe. Mwaka 1973 Demirjian na wenzake wa Kanada wakapanga hatua 8 za kukua kwa jino kwenye picha ya eksirei. Ila walipima watoto wa kwao. Kwingineko kipimo hicho mara nyingi humwongezea mtoto umri.

Sasa sikiliza, hasa wewe dada. Gego la mwisho laweza kuota ukiwa na miaka 17, au 25, au lisiote kabisa. Kwa hiyo mtu akikuchungulia na kusema, "Huyu ana 18, anafaa kuolewa," anabahatisha tu. Hata eksirei huweza kukosea kwa mwaka mmoja au zaidi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, nayo inahesabu miaka, si magego.

Huna cheti? Tafuta kadi yako ya kliniki, kisha nenda na mzazi kwa msajili wa vizazi, ofisi ya wilaya.